Wafu wa Kibirichia: Panga ya Jumaa

Mkono wa Kinya bado uko juu.

Umekaa juu wiki nzima na panga ndani yake, na kuna mama mmoja wa Kinoru aliyeliandikia gazeti kwamba mume wake amekataa kula mpaka ajue kama ulishuka. Mwambie ale. Tunaendelea.

Na wewe uliyepata ukurasa huu kwa sababu umefungiwa nyama ndani yake, mambo ni haya. Watu wa televisheni wamekuja Kibirichia kurekodi mchezo wao wa mazombi, unaitwa *Waliokataa Kuzikwa*. Wanarekodia katikati ya shamba la viazi. Mazombi ni majirani, wamepakwa unga na damu ya mbuzi. Staa ni Vincent, kijana wa miwani ya jua na koti la ngozi. Hivi sasa amefungwa kwa nguzo, maana kwenye mchezo aliwaacha wenzake wakaliwa na leo anahukumiwa.

Anayemhukumu ni Kinya. Kinya ni muuza viazi, mwanamke ambaye hanunui gunia mpaka alimwage lote aone kilicho chini. Alipewa nafasi hiyo baada ya mwigizaji wa Nairobi kula githeri ya mtaa na kuhamia chooni.

Kwenye mchezo Kinya anatakiwa amkate Vincent kwa panga ya mpira. Lakini aliyoinua si ya mpira. Ni chuma, imenolewa asubuhi hii. Kinya anajua. Vincent hajui.

Sababu ni kifungo cha koti. Kobia, kaka yake Kinya, aligongwa na gari kwenye ukungu akisukuma mkokoteni wa mbegu za viazi. Gari likaenda zake. Alipatikana kwa mtaro amekufa, amekunja ngumi, na ndani ya ngumi kulikuwa na kifungo cha pembe. Koti la Vincent lina vifungo vya pembe. Kimoja hakipo.

Sasa twende.

"Nilikimbia, ndiyo!" Vincent alikuwa akipiga kelele, na hayo yalikuwa maneno ya mchezo. "Nani hapa hangekimbia? Nikate basi, kama wewe ni msafi!"

"Safi, safi kabisa," alinong'ona Gladwell, mwongozaji, mwanamke wa Embu mwenye kofia ya jua na sauti ya kuchunga mbuzi. "Kinya, mwangalie. Mchukie. Sasa shusha."

Kinya hakushusha. Alisema, "Alikuwa anaitwa Kobia."

Vincent akapepesa macho. "Hiyo haiko kwa maneno yetu," akanong'ona.

"Ulimwacha kwa mtaro."

Hapo Vincent akainua macho kwa panga kwa mara ya kwanza. Jua la saa nne lilikuwa limeipata vizuri ikametameta mpaka mwisho. Mpira haumetameti. Uso wake ukawa mweupe kuliko wa mazombi, na yeye hakuwa amepakwa unga.

"Weee!"

Sauti ilitoka kwa meza ya damu. Alikuwa Jumaa, Baba Shukri kama wanavyomwita, mchinjaji wa Majengo kule Meru mjini, ambaye ndiye analetea mchezo huu damu na matumbo, yote halali, hata ya kurushiwa watu. Alikuwa anakuja mbio na aproni yake.

"Hiyo panga ni yangu! Naitafuta tangu asubuhi! Nimekata maini na kisu cha mkate kama bibi harusi!"

"Baba Shukri, nyamaza, tunarekodi!" Gladwell akamkemea.

"Mnarekodi nini? Hiyo ni chuma, mama! Hiyo inapita mfupa wa ng'ombe na haisemi pole!"

Gladwell akaitazama panga. Akamtazama Kinya, na shingo ya Vincent. Mtu mwingine hapo angepiga nduru. Gladwell aliinama kwa sikio la mpiga picha akamwambia, "Usizime."

Vincent alikuwa ameelewa. Mpaka siku hiyo alikuwa anaongea Kiswahili cha Nairobi kinachopitia puani, na akisalimiwa kwa Kimeru alikuwa anatabasamu kama mzungu. Sasa woga ukamfungua mdomo, kikatoka Kimeru cha Igembe, kizito, na udongo wake wote. Akamwita mama yake. Akamwita Mungu. Alipoona wote wawili wamekawia, akataja ukoo wa baba yake.

Na maiti mmoja akaketi.

Maiti huyo alikuwa Kaari, nyanya yake Kinya. Kwa sababu ya magoti alikuwa amepewa kazi ya kulala tu kati ya matuta akiwa amekufa, na tangu Jumatatu alikuwa akilalamika kwamba waliokufa hawaletewi chai.

"Umesema ukoo gani?" akauliza.

"Shosho, lala!" Gladwell akasema. "Wewe umekufa!"

"Nitakufa siku yangu. Kijana, rudia."

Vincent akarudia.

"Baba yako ni nani?"

"Mbae. Mbae wa Kangeta."

"Yule Mbae wa kwanza pale, au yule aliyehamia?"

"Wa kwanza, shosho! Babu yangu alizikwa pale! Tafadhali!"

Kaari akaweka mikono kichwani, unga ukamwagika mabegani. "Ooooi. Kinya, shusha hiyo kitu. Huyo ni gichiaro yetu."

Mazombi wote wakaguna. Gladwell alikuwa amewafundisha kuguna wiki nzima na hawakuwahi kuguna vizuri hivyo.

"Gichiaro ni nini?" akauliza Gladwell. "Sisi Embu..."

"Nyinyi Embu mna maembe. Nyamaza nikueleze." Kaari alikuwa amesimama sasa, ameshika bega la zombi wa karibu. "Ukoo wake na wetu walikula kiapo zamani za mababu. Mtu wa gichiaro humuumizi. Humdanganyi. Akikuomba kitu, humnyimi. Na yeye kwako ni hivyo hivyo. Ukimwaga damu yake, laana haikuchukui wewe tu. Inachukua nyumba yote mpaka mbuzi."

"Ni kama ndugu wa kunyonya ziwa moja?" akauliza Jumaa.

"Baba Shukri, ndugu wa kunyonya unaweza kumnunia. Gichiaro huwezi hata kumnunia."

Na sasa, msomaji, angalia watu wa Kibirichia walivyo wajinga siku wakitaka. Hapa mgeni huulizwa ukoo kabla ya kuonyeshwa kiti. Daktari wa ng'ombe huulizwa ukoo na mkono wake bado uko ndani ya ng'ombe. Lakini huyu alikuja na kamera na miwani, akasema yeye ni wa Nairobi, na kijiji kizima kikasahau adabu. Kila mtu alimwomba picha. Hakuna aliyemuuliza, wewe ni wa nani?

"Gichiaro gani humwacha mtu kwa mtaro?" Kinya alisema. Panga ilikuwa bado juu, na mkono ulianza kulemewa, maana panga ya mchinjaji si kijiko. "Shosho, huyu ndiye alimuua Kobia. Kifungo ni chake. Angalia koti lake!"

Kaari akaangalia. Vifungo vya pembe, na mahali pamoja uzi mtupu.

"Kama ni hivyo," akasema polepole, "amejilaani mwenyewe. Wewe usiingie kwa laana yake. Shusha."

"Sishushi."

"Kinya!" Hiyo ilikuwa sauti ya Kiogora.

Kiogora ni mchumba wa Kinya, na ndiye mwenye vifaa vya mchezo: bunduki za mbao, mikono ya plastiki, mapanga ya mpira. Wenye kukumbuka wanajua kwamba ni yeye aliyempa Kinya panga ile asubuhi, akamwambia, "Watasema ni makosa ya vifaa. Nitabeba hilo kwa ajili yako." Kinya alilia kwa mapenzi. Sasa Kiogora alikuwa ameegemea pikapu yake pale juu ya mteremko, amekunja mikono.

"Kinya, usisikilize hadithi za wazee. Maliza!"

"Wewe nawe ni mkwe wa aina gani?" Kaari akamgeukia.

Lakini Vincent hakuwa mjinga. Mtu aliyefungwa kwa nguzo akili humwenda mbio. Akameza mate, akasema kwa Kimeru, wazi, kila zombi akasikia:

"Kinya. Kwa gichiaro. Naomba uhai wangu."

Mazombi wakageuza vichwa kwa Kinya.

"Alaa," Jumaa akasema. "Amefunga bao."

Kinya alisimama hapo. Kama hukuwahi kumchukia mtu mwaka mzima na zaidi, huwezi kujua jinsi ilivyo kumpata amefungwa, panga iko mkononi, halafu akuombe kitu ambacho nyanya yako anasema huwezi kumnyima. Machozi yalimtoka. Alimtukana Vincent tusi moja ambalo gazeti hili la familia halichapishi. Halafu mkono ukashuka.

Haya, mama wa Kinoru. Ulishuka, na haukukata kitu. Mume ale.

"Umeomba, sikunyimi," Kinya akasema. "Na mimi naomba. Nataka ukweli wa Kobia. Mbele ya hawa wote waliokufa."

Mtu mmoja kati ya mazombi akacheka, akafinywa.

"Na mimi hunidanganyi," Kinya akamaliza.

Vincent akafumba macho. "Nilikuwa ndani ya gari. Lakini si mimi niliyekuwa naendesha."

"Muongo!" Kiogora akapiga kelele.

Alisema haraka mno. Hakuna mtu aliyekuwa amemtazama.

"Sikuwa staa wakati huo," Vincent aliendelea. "Nilikuwa naongoza sherehe za harusi. Tulitoka kwenye harusi Timau, spika ziko nyuma ya gari, na kijana mmoja akanipa lifti. Kulikuwa na ukungu hata mkono wako huuoni. Nilisikia kishindo, nikaona viazi vinaruka juu ya kioo. Mimi nilishuka."

"Ulishuka," Kinya akasema.

"Nilishuka. Alikuwa hai."

Hapo hata Gladwell alivua kofia.

"Alikuwa hai, Kinya. Alinishika koti hapa. Aliniomba kitu kimoja tu."

"Gani?"

"Alisema, usiniache."

Upepo ulipita kwenye viazi. Kaari akasogea mpaka mbele ya nguzo, mdogo, mweupe wa unga, damu ya mbuzi imemkauka kidevuni.

"Alikuomba," akasema.

"Sikujua ni gichiaro, shosho."

"Na kama hangekuwa gichiaro? Mtu anahitaji kiapo cha mababu ndio asimwache mwenzake kwa mtaro?"

Makamasi yalikuwa yanamtoka Vincent na hakuwa na mkono wa kupangusa.

"Dereva alipiga honi," akasema mwishowe. "Alisema tutafungwa, ingia. Nikavuta koti, kifungo kikabaki. Tangu siku hiyo nimeigiza majambazi, mazombi, kila aina ya mtu mbaya, na watu wananiambia najua kuigiza. Ni mimi niliyemwomba Gladwell tuje kurekodi hapa. Nilitaka kuja kwenu niseme. Kila asubuhi nilijiambia leo, halafu mama yenu mmoja ananiletea chai na viazi, nasema kesho. Na siku ya kwanza hapa nilikutana na yule dereva. Nikamwambia nitasema. Akaniambia ningoje kidogo, ngoja tumalize kurekodi, twende kwao pamoja."

"Dereva ni nani?"

"Usinilazimishe."

"Naomba," Kinya akasema. "Kwa gichiaro."

Mikono ya Vincent ilikuwa imefungwa. Akaonyesha kwa kidevu.

"Gari ni lile pale. Siku hiyo lilikuwa jeupe."

Wafu wote wakageuka.

Pikapu ya Kiogora sasa ni ya kijani. Hakuna asiyeijua. Ndiyo inayoleta damu ya Jumaa kila asubuhi. Haiwaki bila kusukumwa, na wiki nzima ilisukumwa na mazombi, wanaguna na kutoa jasho la unga, mpaka watoto wa shule wakawa wanatoroka masomo kwenda kutazama maiti wakisukuma gari. Hata sasa imeegeshwa mteremkoni, pua imeangalia chini shambani, mto uko upande wa kushoto, jiwe kubwa liko mbele ya gurudumu.

Kiogora alijaribu kucheka. "Mnaamini mtu wa kulipwa kudanganya?"

"Kiogora," Kinya akasema.

"Mpenzi."

"Wewe ndiye ulinipa panga."

"Nilikuwa nakusaidia! Ulikuwa unalia kila siku!"

"Uliniambia nikate bila kumpa nafasi ya kuongea."

"Kila mtu hukata hivyo!"

"Hapana," Jumaa akasema. "Mimi kwanza hutaja jina la Mungu."

Kinya alikuwa anahesabu kichwani, na uso wake ulikuwa unabadilika kila alipofika mahali. Kama angekata, Vincent angekuwa kaburini na hana la kusema. Yeye angekuwa jela. Na Kiogora angekuwa nje, analia mazishini hapa, analia mahakamani kule, mchumba mwema aliyepatikana na mkosi. Kwenye matanga ya Kobia ni huyu aliyebeba sufuria. Ni huyu aliyechimba kaburi mpaka mikono ikachubuka, na mama wote wakasema, Kinya, huyo usimwachilie. Alimchumbia kwenye maombi ya ukumbusho, Kobia akiwa kwenye picha ukutani.

Magunia yote ya maisha yake Kinya alikuwa ameyamwaga akaangalia chini. Hilo moja alilichukua limeshonwa.

"Ulisikia akiomba?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Wewe ukiwa kwa usukani. Ulimsikia?"

Kiogora akafungua mdomo, akaufunga.

Hilo lilitosha.

Zombi wa kwanza kuanza kutembea alikuwa mzee wa kanisa. Hakuna aliyempa amri. Alianza tu, mguu mmoja ukiburuta kama walivyofundishwa, mikono mbele. Wa pili akafuata. Kisha wote. Walipita kati ya matuta, weupe, wamelowa damu, na safari hii hawakuwa wanaguna. Mama mmoja akaokota kiazi, akakitazama, akakitupa, akaokota jembe.

"Jamani," Gladwell akasema. "Jamani, rudini mahali penu." Sauti ya kuchunga mbuzi ilikuwa imemwishia. "Zima kamera," akamwambia mpiga picha. Mpiga picha hakuzima. Ndivyo alivyofundishwa.

"Muuaji!" mtu akaita.

"Amekula kwetu! Amekula kwa matanga!"

"Leteni tairi!"

"Petroli iko kwa jenereta!"

Hiyo ya petroli ilisemwa kwa utulivu, na mtu aliyekuwa mwalimu wa Jumapili, kama mtu anayekumbusha mahali sukari ilipo.

Kinya aliisikia. Akawatazama. Hawa ndio watu aliowajua tangu akiwa mtoto. Wiki nzima walikuwa wanacheka wakipakwa unga, wanasema hatufanani na mazombi hata kidogo, tumenona mno. Sasa walifanana.

Akakimbia. Aliwapita wote, akapanda mteremko, akafika mbele ya pikapu, akawageukia. Kiogora akawa nyuma yake na umati mbele yake.

"Simameni hapo!"

"Toka, Kinya! Si ni kaka yako?"

"Ni kaka yangu! Kwa hiyo mimi ndiye nasema!" Akainua panga tena. "Mnaniona? Saa moja haijaisha nilikuwa nimesimama kwa yule pale, na nilikuwa na uhakika kama nyinyi. Ningemkata. Ningekata mtu, halafu mwenye makosa anisaidie kuosha mikono!"

"Kwa huyu hakuna kukosea. Huyu ni yeye!"

"Ndiyo, ni yeye! Ndio maana namtaka mzima! Nataka asimame mbele ya hakimu akiwa na ulimi. Nataka aseme Kobia, kwa mdomo wake, na aseme alisikia. Mkimchoma atasema nini? Ataguna tu!"

"Kinya, sisi tunakusaidia."

"Hata yeye aliniambia hivyo."

Mzee wa kanisa akasimama. Mama wa jembe akasimama nyuma yake. Wengine wa nyuma bado walikuwa wanasukuma.

"Anayetaka kupita aje," Kinya akasema. "Lakini niwaambie, hii si ya mpira. Muulizeni Baba Shukri."

"Si ya mpira," Jumaa akathibitisha kutoka nyuma, anahema. "Na ikivunjika mpini nitauliza."

Sasa nikuulize wewe. Wakati huo wote Kiogora alikuwa wapi?

Nyuma ya Kinya, ndiyo. Alikuwa amerudi hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa mlango wa gari. Wachache walimwona akiinama kando ya gurudumu, wakafikiri amepiga magoti, ni vizuri, aombe. Wachache walimwona akipanda kwenye usukani, na hakuna aliyejali. Kuna mtu Kibirichia asiyejua ile pikapu? Haiwaki. Bila mazombi wa kuisukuma ni banda la kuku lenye vioo.

Lakini gari halihitaji kuwaka kwenda mahali mlima unakotaka liende. Na jiwe halikuwa tena mbele ya gurudumu.

Breki ya mkono ikateremshwa taratibu.

Hapakuwa na mlio. Pikapu ile, ambayo wiki nzima ililia kila kona, ilianza kushuka kimya kama paka.

Kinya aliona mazombi wanaanza kurudi nyuma. Mzee wa kanisa akapiga hatua moja ya nyuma, kisha mbili. Mama akaangusha jembe. Moyo wa Kinya ukapata nafasi, akadhani wamemsikia. Akadhani, kwa mara ya kwanza tangu Kobia azikwe, kwamba neno lake limeshinda. Akashusha panga.

Halafu akaona kwamba hakuna hata mmoja anayemtazama usoni. Wote walikuwa wanaangalia juu ya bega lake, na midomo imefunguka, na kelele zote zikaja pamoja, hakuna neno hata moja linaloeleweka.

Sauti moja tu ilipita katikati. Ilitoka kwa nguzo. Ilikuwa ya mtu ambaye siku ya ukungu alinyamaza.

"Kinya! Gichiaro! Naomba uruke upande wa mto! Usigeuke! Ruka!"

Mtu aliyemwacha kaka yake kwa mtaro alikuwa anaomba. Na nyanya yake alikuwa amesema, akikuomba humnyimi. Alichotakiwa ni kuruka tu, bila kuuliza, bila kuona, kwa neno la mdomo ule.

Lakini Kinya ni Kinya. Leo hii hii alikuwa amejionea kilichomo ndani ya gunia lisilofunguliwa.

Akaanza kugeuza shingo.